Siti binti Saad: Mchuuza vyungu aliyewafunza Waunguja kuheshimiana

MIAKA zaidi ya 70 imepita tangu Siti binti Saad azikwe kisiwani Unguja, lakini kejeli aliyotungiwa na mahasidi wake ingali inakumbukwa na wapenzi wa taarab katika pwani nzima ya Afrika Mashariki.

Mahasidi hao walihoji ni lini mwanamke huyo alipata hadhi ya kuhesabiwa miongoni mwa watu. Wakamkumbusha vazi duni alilokuwa nalo alipoingia mjini. Kisha wakamsuta kwamba lau Mungu hangemjalia sauti, hangekuwa na njia ya kujipatia riziki.

Jinsi alivyoipokea kejeli hiyo, na jinsi alivyoishi na wenzake kabla na baada yake, ndiko kunakoyafanya maisha ya msanii huyu yastahili kusimuliwa tena, hata kwa wale ambao hawajawahi kuisikia sauti yake.

Alizaliwa mnamo 1880 au karibu na mwaka huo, katika kijiji cha Fumba, kusini mwa mji wa Zanzibar. Baba yake, Saad, alikuwa wa asili ya Kinyamwezi na mama yake wa asili ya Kizigua. Walikuwa watu wa jembe na udongo: walilima, wakafinyanga vyungu. Binti yao wakamwita Mtumwa.

Msomaji wa leo huenda akashtushwa na jina hilo. Katika Unguja ya wakati huo halikuwa jambo geni. Soko la watumwa lilikuwa limefungwa miaka michache tu nyuma, mwaka wa 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea mashambani na majumbani hadi 1897 ulipoondolewa kisheria, na hata hapo masuria waliachwa nje ya sheria hadi 1909. Mtoto yule alikua katika jamii ambamo jina, vazi na salamu zilitosha kumweleza mpita njia ni nani anayestahili kupishwa na ni nani anayepaswa kupisha.

Vazi ndilo lililosema kwa sauti kubwa zaidi. Mwanamke mtumwa alijulikana kwa kaniki, kitambaa cheusi kisicho na nakshi, alichojifunga pasipo kujifunika kichwa. Viatu havikumhusu. Mwungwana alitembea amejifunika, na kufunikwa huko kulikuwa tangazo kwamba yeye si wa kutazamwa ovyo. Ndiyo maana utumwa ulipoisha wanawake wengi walioachwa huru walikimbilia leso za rangi na, baadaye, buibui. Kwa macho ya mgeni huenda hayo yakaonekana mapambo tu. Kwa aliyeyavaa, yalikuwa madai kwamba naye apishwe njiani.

Salamu nayo ilikuwa na uzito wake. Inasimuliwa kwamba shikamoo, ambayo leo mtoto wa pwani humwamkia mzee yeyote bila kuuliza ukoo wake, ilianza kama neno la mnyonge kwa bwana wake, la kujitolea kumshika miguu. Kama ndivyo, basi ni miongoni mwa maneno machache ya lugha hii yaliyozaliwa katika unyonge na kuishia kuwa adabu ya wote.

Katika ulimwengu huo ndipo binti wa Saad alipoanza kuchuuza. Kutoka Fumba hadi mjini ni karibu kilomita 20. Aliutembea mwendo huo akiwa na vyungu kichwani, akapita mtaa hadi mtaa akinadi bidhaa yake. Chungu hakina bei kubwa, na mchuuzi wa vyungu hana cheo. Mnunuzi hukigonga kwa kidole asikilize kama kina ufa, hubisha bei, kisha huingia ndani na chungu chake. Ni biashara inayoweza kufanywa mwaka mzima bila yeyote kumwuliza muuzaji jina lake.

Lakini huyu alikuwa na sauti. Alinadi kwa kuimba, na waliokuwa ndani ya nyumba waliijua sauti hiyo kabla ya kumwona mwenyewe. Inasimuliwa kwamba wako waliotoka mlangoni si kwa haja ya chungu, bali kwa haja ya kumsikia.

Alihamia mjini mnamo 1911, akiwa na umri wa miaka 30 hivi. Hakuwa na elimu ya shule, hakuwa na mali, na sura yake, kwa mujibu wa wote waliomweleza, haikuwa ile iliyosifiwa na washairi. Hakwenda kuishi katika majumba ya mawe ya Mji Mkongwe. Makao yake yalikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa hori, kulikokusanyika walioachwa huru, wavuvi, wachukuzi, mafundi na wageni kutoka bara.

Huko alikutana na Ali Muhsin, mpigaji udi aliyehusiana na Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa 1905 na ambacho kingali hai. Muhsin angeweza kumsikiliza, akamsifu, akaenda zake. Badala yake alikaa naye akamfunza: namna ya kuiongoza sauti pamoja na ala, na namna ya kuimba kwa Kiarabu. Siti alijifunza pia kuisoma Kurani kwa sauti nzuri, jambo lililompa nafasi katika nyoyo za watu ambao wasingethubutu kusema hadharani kuwa wanapenda muziki.

Ni vyema kukumbuka taarab ilikuwa nini wakati huo. Ilikuwa burudani ya kasri. Mapokeo yanamtaja Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, kuwa ndiye aliyeileta kutoka Misri. Iliimbwa kwa Kiarabu, na wanaume, mbele ya wageni waalikwa. Mtumishi aliisikia akiwa amebeba sinia. Mwanamke kutoka shamba, aliyeitwa Mtumwa, hakuwa na mlango wa kuingilia humo.

Aliingia. Kikundi chake kilikuwa na watu kama Subeti bin Ambari, Buda Swedi, Mwalimu Shaaban na Mbaruku Talsam, na kwa pamoja waliifanya taarab izungumze Kiswahili. Walialikwa katika nyumba za matajiri wa Kiarabu na Kihindi, na wakaimba mbele ya Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 hadi 1960.

Ni katika kipindi hicho ambapo jina la Mtumwa lilimtoka. Mashabiki wake wa tabaka la juu walianza kumwita Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima, na jina hilo likamganda. Badiliko hilo husimuliwa mara nyingi kama ngano yenye mwisho mzuri. Lina upande mwingine pia. Waliompa jina la heshima ni watu wa tabaka lile lile ambalo lingemwacha na jina la kwanza laiti angekuwa na koo la kawaida. Kwa hiyo mahasidi wake, kwa ubaya wao wote, walikuwa wamegusa jambo la kweli. Mwanamke huyu aliheshimiwa kwa sababu ya sauti. Je, wale wengine wa Fumba waliokuja mjini na vyungu vyao, na ambao hawakujua kuimba?

Inaelekea Siti mwenyewe hakulisahau swali hilo, kwani majibu yake yanaonekana katika mwenendo wake.

Kwanza, hakuhama Ng'ambo. Baada ya kuimba kwa mabwana alirudi kwa majirani zake, na nyumba yake usiku ikawa baraza. Waliofika hawakuhitaji mwaliko wala vazi la fahari. Muziki ule ule uliosikilizwa kasrini ulisikilizwa hapo na mchukuzi wa bandarini na muuza samaki, kwa lugha waliyoielewa, na baada ya nyimbo yalifuata mazungumzo. Habari za mjini zilizoletwa na wasikilizaji ziligeuzwa kuwa beti, na beti zikarudi mitaani. Wasikilizaji hao hawakuwa watazamaji tu wa kazi yake, walikuwa washiriki.

Pili, ni namna alivyoijibu ile kejeli. Mashindano ya kutungiana nyimbo ni desturi ya tangu jadi katika pwani, na mwimbaji aliyeumbuliwa alitarajiwa kuumbua zaidi. Siti alikuwa na uwezo, na alikuwa na hadhira iliyokuwa ikingoja kwa hamu. Wimbo wake wa kujibu, hata hivyo, haukumtaja mtu. Hakudai kuwa mzuri wa sura, wala hakujizulia nasaba asiyokuwa nayo. Alichosema, kwa muhtasari, ni kuwa uzuri na ukoo mkubwa si hoja, na kwamba aliyepata hasara ya kweli ni yule asiyekuwa na akili.

Jibu hilo lilikuwa kali, asije mtu akadhani Siti alikuwa mtu wa kugeuza shavu la pili. Lakini ukali wake haukumvua nguo aliyemkosea. Aliyejua kuwa ndiye alijijua, na wengine waliachwa na la kufikiri.

Imesimuliwa pia kwamba mbele ya wanaume alizoea kuimba akiwa amejifunika uso. Baadhi wamesema ni kwa kuona haya kwa ajili ya sura yake. Huenda. Ila mtu anayekumbuka maana ya kaniki na maana ya buibui katika mji ule ataona uwezekano wa pili: mwanamke ambaye wazazi wake walimwita Mtumwa alikuwa akitumia haki ambayo wanawake wa hali yake walinyimwa kwa vizazi, haki ya kuamua ni nani atakayemtazama.

Hakuna wimbo unaodhihirisha moyo wa Siti kama ule unaojulikana kwa jina la Kijiti. Wimbo huo unasimulia mkasa uliotokea kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alifika Unguja, akaenda kustarehe na mwanamume aliyeitwa Kijiti, na usiku huo akanajisiwa na kuuawa. Kijiti alitoroka, akavuka bahari hadi bara. Kesi ilipofika mahakamani, adhabu iliwaangukia wanawake wawili waliokuwa pamoja na marehemu na ambao walikuja kutoa ushahidi. Kosa lao lilihusu ununuzi wa pombe.

Ni rahisi kukisia yaliyosemwa mabarazani. Marehemu alikuwa mgeni asiye na ukoo wa kumtetea kisiwani. Alikuwa ametoka usiku na mwanamume asiye mumewe. Kulikuwa na ulevi. Katika mji unaojali sitara, hayo yangetosha kuifunga habari yake kwa kutikisa kichwa na kuendelea na kahawa.

Siti hakuifunga. Aliiimba habari ya mwanamke huyo kama habari ya mtu aliyedhulumiwa. Hakuficha kwamba palikuwa na pombe, na hata onyo kwa wanawake wengine limo. Lakini lawama aliielekeza kwa muuaji aliyekwenda zake na kwa mahakama iliyowaadhibu waliokuja kusema kweli. Kwa mwimbaji aliyetegemea mialiko ya wakubwa, kuuliza hukumu ya serikali ya kikoloni hadharani hakukuwa jambo dogo. Nyimbo zake nyingine zilizungumzia wanaume wanaowapiga wake zao, na hata mkubwa aliyehukumiwa kwa kula mali isiyokuwa yake.

Mwaka wa 1928 kampuni ya His Master's Voice iliwasafirisha Siti na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi santuri. Hakuna mwimbaji wa kike wa Afrika Mashariki aliyekuwa amewahi kurekodiwa kabla yake. Santuri hizo ziliuzwa kwa maelfu, kampuni nyingine zikaingia katika biashara hiyo, na katika muda wa miaka michache sauti ya Siti ikawa inasikika katika migahawa na majumba ya pwani yote, Mombasa na Lamu zikiwemo, na katika miji ya bara iliyokuwa na gramafoni. Ilisemwa kwamba watu walifunga safari kwenda Unguja ili wamwone tu mwenye sauti hiyo.

Waliofika walimkuta Ng'ambo.

Umaarufu huo haukumletea utajiri wa kulinganishwa na faida waliyoipata wenye kampuni. Hilo ni jambo ambalo wanamuziki wetu wa leo watalielewa bila kuelezwa zaidi.

Kuna habari nyingine ambayo haihitaji santuri kuthibitishwa, kwani aliyeisimulia aliishi hadi karne hii. Fatuma binti Baraka, aliyekuja kufahamika duniani kote kama Bi Kidude, alikuwa mtoto wakati Siti alipokuwa katika kilele chake. Baba yake alikuwa mchuuzi wa nazi. Mtoto huyo alizoea kwenda kusikiliza pale Siti alipokuwa akiimba, na humo katika kusikiliza ndimo alimojifunza. Hakuna aliyemlipa Siti ada kwa somo hilo, na hakuna aliyemtoza mtoto kiingilio. Aliachwa asikilize.

Mtu aliyewahi kuchuuza akiwa mtoto wa maskini huenda akajua zaidi kuliko wengine jinsi kuachwa asikilize kulivyo jambo kubwa. Ali Muhsin alikuwa amemfungulia Siti mlango kwa kumfundisha. Yeye aliufungua zaidi kwa kutoufunga.

Mwishoni mwa maisha yake alipata mgeni wa namna nyingine. Shaaban Robert, mshairi kutoka Tanga aliyekuwa akiishi kwa kazi ya ukarani serikalini, alikwenda kuzungumza naye kwa nia ya kuandika habari zake. Katika miaka hiyo, waliostahili kuandikwa vitabu walikuwa masultani, magavana na wavumbuzi wa Kizungu. Kwamba mwandishi mkubwa wa Kiswahili alimchagua mwanamke asiyejua kuandika, mwana wa mfinyanzi, akamsikiliza na kumpangia maisha yake kwa lugha sanifu ya heshima, ni tukio ambalo historia ya fasihi yetu haijalipa uzito unaostahili. Wasifu wa Siti binti Saad ni miongoni mwa wasifu wa mwanzo kuandikwa kwa Kiswahili na Mwafrika kumhusu Mwafrika mwenzake, na kwa miaka mingi umesomwa shuleni.

Shaaban Robert hakuona aibu kuyataja mambo ambayo mashabiki wengine wangeyaficha: umaskini, kukosa elimu, sura. Aliyataja kwa namna ambayo hayampunguzi anayetajwa. Pengine ni kwa sababu yeye mwenyewe, akiwa karani Mwafrika katika ofisi za wakoloni, alijua vyema jinsi mtu anavyoweza kudharauliwa kila siku kwa utaratibu na bila kelele.

Siti alifariki Julai 8, 1950. Hakukiona kitabu hicho kikichapishwa.

Mwaka wa 1988, wanahabari wanawake nchini Tanzania walipoanzisha jarida la kutetea haki za wanawake walilipa jina la Sauti ya Siti. Mnamo 2020, kitukuu wake, Siti Muharam, alitoa albamu ya nyimbo za mama huyo mkuu, zikiwa zimepambwa kwa ala za kisasa.

Lakini kwa miongo mingi aliyezibeba nyimbo hizo ni yule mtoto wa mchuuza nazi. Bi Kidude aliimba kisiwani, akaimba bara, akaalikwa Ulaya na Asia, na miongoni mwa nyimbo zilizomtambulisha ulikuwamo Kijiti. Hadi alipoaga dunia Aprili 17, 2013, watu wa mataifa ambayo Siti hakuwahi kuyakanyaga walikuwa wamekaa kimya katika kumbi kubwa, wakisikiliza habari za mgeni kutoka Dar es Salaam aliyekuja Unguja kutembea asirudi kwao.